Gede: Waungwana, Kuta na Kisima

Mpenzi msomaji, makala haya yalizaliwa na ubishi, na kama wajuavyo, ubishi wa wanafunzi hauna mwisho mpaka kengele ilie.

Ilikuwa Ijumaa alasiri, saa ya vyama. Sisi wa Chama cha Kiswahili tulikuwa tumekaa tukingoja mwalimu wetu, mara akaingia mwenzetu wa Chama cha Kifaransa, kalenda mkononi. Akaifungua juu ya meza. Picha ilikuwa ya mji ulio juu ya kilima kusini mwa Ufaransa, uitwao Carcassonne. Looo! Ukuta ndani ya ukuta, minara 52 yenye vilele vilivyochongoka, na katikati ngome ya mabwana wa kale waliouitawala. "Mnaona?" akasema. "Hawa walikuwa na wakuu, walikuwa na miji. Nyinyi wa Kiswahili mna nini? Methali na vibanda vya makuti tu!"

Darasa likaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini kicheko changu kilikuwa cha mdomoni tu. Nilitafuta jibu nikalikosa. Mwalimu wetu, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza yote, alisema neno moja: "Likizo ya Agosti chama kinakwenda pwani. Nendeni Gede mkaupime ukuta, halafu mrudi mbishane."

Basi tulikwenda. Haya nitakayoyaeleza ni yale niliyoyaona kwa macho yangu, niliyoelezwa na mwongozaji wetu, na mengine niliyoyasoma baada ya kurudi nyumbani Gitothua.

MJI MSITUNI

Gede (katika vitabu vingi utaona imeandikwa Gedi) iko katika Kaunti ya Kilifi, karibu na Watamu, kilomita 16 hivi kusini mwa Malindi. Ukishuka garini hauoni mji. Unaona miti mikubwa, mibuyu, mizizi iliyokumbatia mawe, na kima ambao wasipokunyang'anya ndizi basi siku hiyo wameshiba. Kando yake upo msitu wa Arabuko-Sokoke. Mtu angeweza kupita hapo barabarani miaka kumi asijue kwamba hatua chache kutoka kwake kuna misikiti, makaburi na jumba la mfalme.

Hata Wareno hawakujua, au kama walijua hawakusema. Vasco da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498, na Wareno wakakaa na watu wa Malindi kama majirani kwa karibu miaka mia moja. Lakini katika maandishi yao yanayojulikana hakuna mahali walipoutaja mji huu. John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza kule Unguja, aliyatembelea magofu mwaka 1884. Mwaka 1948 kazi ya kuchimbua mji ilianza chini ya James Kirkman, naye akaendelea nayo kwa miaka kumi. Mwaka 2024 Gede iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Carcassonne iliingizwa mwaka 1997. Kwa hiyo, ndugu yangu wa kalenda, sasa tumo katika orodha moja.

UKUTA NILIOUPIMA

Nilikuwa nimebeba futi ya fundi ya baba yangu. Wenzangu walinicheka sana. Mahali ulipobaki mzima, ukuta wa nje una urefu wa futi tisa kwenda juu. Mtu mrefu akimbeba mwenzake mabegani, huyo wa juu atachungulia. Ukuta huo ulizunguka eneo la ekari 45. Ukitaka kupata picha yake, weka pamoja viwanja 25 hivi vya kandanda.

Ndani ya ukuta wa nje kuna ukuta wa pili, nao unazunguka kitovu cha mji: jumba la mfalme, Msikiti Mkuu na nyumba za matajiri. Nilipousikia huo wa pili nilirukaruka kwa furaha. Ukuta ndani ya ukuta, sawasawa na picha ya kalenda!

Mawe yenyewe ni matumbawe. Matumbawe mengine yalichimbwa nchi kavu, na yale laini yalitolewa baharini yangali mabichi, yakachongwa kwa ajili ya vizingiti na matao kabla hayajakauka yakawa magumu. Mawe hayohayo yalichomwa kwa kuni yakatoa chokaa, ikawa ndiyo saruji yao. Dari zilibebwa na boriti za mikoko. Sasa sikiliza jambo la ajabu: boriti ya mkoko haiwi ndefu sana, kwa hiyo vyumba vyote vya mawe vya pwani ni vyembamba, kama korido. Tajiri aliweza kurefusha chumba apendavyo, lakini hakuweza kukipanua. Mti wa mkoko ulikuwa umekwisha kumkatia shauri.

WAUNGWANA WALIKUWA NANI?

Hapa ndipo palipo na kiini cha ubishi wetu. Je, pwani yetu ilikuwa na wakuu kama wale mabwana wa Ufaransa?

Ilikuwa nao, na jina lao walikuwa waungwana. Leo tukisema "huyu ni muungwana" tuna maana ya mtu mstahivu, mpole, asiyetukana. Zamani neno hilo lilikuwa cheo. Muungwana alikuwa mtu huru mwenye nasaba inayojulikana, mwenye nyumba ya mawe mjini, mwenye fungu lake katika biashara ya vyombo. Wengi walidai kwamba asili yao ni Shirazi, kule Uajemi. Nasaba ililindwa kwa ndoa: binti wa muungwana hakuozwa hivihivi.

Kila mji ulikuwa na utaratibu wake. Pate ilitawaliwa na wafalme wa ukoo wa Nabahani. Lamu haikumtegemea mfalme mmoja. Mambo yaliamuliwa na baraza la wazee wa koo kubwa, na mji uligawanyika pande mbili, Zena na Suudi. Alama ya enzi ilikuwa siwa, baragumu kubwa linalopulizwa kwa ubavuni. Siwa ya Pate ni ya pembe ya ndovu, ya Lamu ni ya shaba, na zote mbili zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Lamu. Kule Kilwa, Tanzania, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga jumba la Husuni Kubwa lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea la pembe nane. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akakutana na sultani huyo. Kwa hiyo wakati Ulaya ina mabwana wake katika ngome, sisi tulikuwa na wetu, na wageni walikuja kuwaona.

JUMBA LA MFALME

Sasa turudi Gede. Mwongozaji wetu, mzee mmoja Mgiriama mwenye sauti ya chini, alituingiza katika jumba la mfalme kupitia mlango wa tao lililochongoka juu. "Piteni wanangu, mwenyewe hayupo," akasema.

Ukiingia unakuta ua ulioshuka chini, ambapo watu waliokuwa na mashauri walingoja. Kuna baraza za mawe za kukalia. Upo ua mwingine wa wageni, na nyuma kabisa vyumba vya wanawake wa nyumba. Kutani kuna matundu madogo ya vigingi vya kuning'inizia mazulia na mapambo. Kuna vyoo, tena vyoo vya maana, vyenye mahali pa kunawia. Mmoja wetu alinong'ona, "Wacha! Hawa walikuwa na vyoo vizuri kuliko vya bweni letu." Mwalimu alijifanya hakusikia.

Kitu kilichonishika zaidi ni chumba cha hazina. Hakina mlango. Unazunguka kuta zake nne hupati pa kuingilia. Kumbe njia ni tundu dogo lililo juu ukutani, mtu hupanda ngazi akajiingiza kama paka. Humo ndimo mali ilimowekwa.

Na mali ilikuwepo. Nyumba za waungwana zilizo karibu na jumba zimepewa majina kwa vitu vilivyofukuliwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Katika nyumba nyingine zilipatikana sarafu za Uchina. Vibakuli na sahani za Kichina vilitapakaa mji mzima, na vingine vilipachikwa katika kibla cha Msikiti Mkuu viwe pambo. Watu wa Gede walipata vitu hivyo kwa kuuza pembe za ndovu na mali nyingine ya bara. Si unakumbuka kwamba mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa Uchina twiga? Basi hao ndio waliokuwa majirani zao.

Msikiti Mkuu ulijengwa katikati ya karne ya 15. Juu ya mlango wake mmoja pamechongwa ncha ya mkuki. Karibu yake kuna makaburi ya wakuu, na moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Kaburi hilo ndilo hirizi ya wanahistoria. Kwa sababu ya tarehe hiyo moja wanajua mahali pa kuanzia kuhesabu.

WALIOBEBA MAWE

Kufikia hapo nilikuwa nimejaa kiburi. Nilimwuliza mwongozaji, "Mzee, watu wote wa hapa walikaa katika nyumba za mawe?"

Alicheka. Akatuonyesha nafasi kubwa iliyo kati ya ukuta wa ndani na ukuta wa nje, sehemu yake kubwa msitu mtupu. "Hapa palijaa watu," akasema. "Nyumba zao zilikuwa za udongo na makuti. Zimeoza zamani. Jiwe hukaa, udongo hurudi udongoni."

Wavuvi, wakulima, mafundi na watumwa. Hao ndio waliozamia matumbawe, waliokata mikoko, waliochoma chokaa. Muungwana aliitwa muungwana kwa sababu kulikuwa na mwingine ambaye si muungwana. Nasema hili kwa sababu nilikwenda Gede nikitaka kumwonyesha mtu kwamba sisi hatukuwa na vibanda vya makuti. Tulikuwa navyo. Na bila ya watu wa vibanda hivyo kusingekuwa na jiwe juu ya jiwe. Hata Carcassonne, nadhani wenye mikono yenye sugu hawakulala ngomeni.

KISIMA

Mwisho wa ziara tuliketi karibu na Msikiti Mkuu, kando ya kisima. Ni kirefu, kimejengewa mawe, na chini ni kikavu. Mwalimu akauliza: "Kuta mbili, chumba cha hazina kisicho na mlango. Mbona basi mji ulikufa?"

Tulijibu kwa pamoja: vita! Na kweli vita vilikuwepo. Karne ya 16 haikuwa ya amani. Mwaka 1589 Wazimba waliishambulia Mombasa wakaiharibu, kisha wakaenda Malindi, ambako walipigwa kwa msaada wa Wasegeju. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa, na mfalme wa Malindi naye akahamia Mombasa, kwa hiyo nguvu na biashara za upande huu zikahamia huko. Kisha kutoka kaskazini wakashuka Waoromo. Mwanzoni mwa karne ya 17 Gede ilikuwa imehamwa.

"Hayo ni kweli," mwongozaji akasema, "lakini mtazameni huyu pia." Akapiga ukingo wa kisima kwa kiganja.

Waliochimbua mji waligundua kwamba kisima hicho kiliongezwa kina. Maji yalishuka chini, wenyewe wakayafuata. Maji ya ardhini yalikuwa yakipungua, nao walikuwa na mji mzima wa kunywesha, misikiti ya kutawadhia, na vile vyoo tulivyovisifu. Kuta zingeweza kusimama futi tisa au futi tisini, haidhuru. Adui wa namna hii haji kupitia langoni.

Nilipokuwa nimeinama pale kisimani nilikumbuka kalenda. Niliporudi nyumbani nilitafuta habari za Carcassonne, na nilichokisoma kilinifanya nikae chini.

Mwaka 1209 mji ule ulikuwa chini ya kijana aitwaye Raimond-Roger wa ukoo wa Trencavel, mwenye umri wa miaka 24. Papa alikuwa ametangaza vita dhidi ya Wakathari, watu wa dhehebu lililoitwa la uzushi, na jeshi kutoka kaskazini likaja likauzingira mji mwanzoni mwa Agosti. Wakimbizi walikuwa wamejaa ndani. Jua la kiangazi lilikuwa kali. Wazingiraji wakawakatia watu njia ya mtoni. Kuta hazikubomoka. Maji ndiyo yaliyokwisha. Katikati ya mwezi huohuo mji ulijisalimisha, watu wakatoka wakiacha kila walichokuwa nacho, na Trencavel akatiwa gerezani katika ngome yake mwenyewe. Kufikia Novemba alikuwa amekufa. Simon de Montfort akawa bwana wa mji. Ule ukuta wa pili wa picha ulijengwa baadaye, na wafalme wa Ufaransa walioutwaa mji. Na ile minara mizuri ilikarabatiwa sana katika karne ya 19 chini ya msanifu Viollet-le-Duc.

Basi miji miwili, bara mbili, wakuu wawili wasiojuana, na wote waliweka mali yao katika mawe. Nilimpelekea yule mwenzetu wa Kifaransa habari hizi tukasoma pamoja. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe wote walikuwa na kiu." Ubishi ukaishia hapo.

UKUTA WA KWETU

Ungeweza kuniuliza, msomaji, Gede inamhusu nini mtu wa Gitothua? Sisi hatuna mfalme wala magofu.

Lakini kuta tunazo. Pita kwetu uone. Mahali palipokuwa na mashamba na mibuni babu zetu wakiwa hai, sasa kuna nyumba za kupanga za ghorofa nne, tano, sita, kila ploti na ukuta wake, kila ukuta na geti lake, na juu vipande vya chupa au nyaya za umeme. Siku hizi ukitaka kujua nani ni muungwana wa mtaa, tazama geti.

Kwetu kuna kisima alichochimba babu. Mama anasema alipoolewa hapo, kamba fupi ilitosha. Imekuwa ikiungwa na kuungwa. Majirani wamechimba visima vyao, wengine vya mashine vinavyokwenda chini sana, wapangaji wameongezeka, na kila kiangazi chetu hutoa tope. Hapo ndipo tunapomngoja mwenye mkokoteni atuuzie maji kwa mtungi wa lita 20, naye kiangazi kikikaza anapanda bei anavyotaka.

Mwaka uliopita baba alikuwa na pesa kidogo za kahawa na za kodi ya vyumba viwili. Zilitosha jambo moja tu: kuinua ukuta au kukirudia kisima. Tulikaa tukajadiliana. Jirani alikuwa ameinua wake, wetu ukaonekana kama wa maskini. Mimi ndimi niliyesema sana: "Baba, tuinue ukuta, watu wanatuona hadi jikoni." Ukuta ukainuliwa. Ni mzuri kweli. Juu una chupa za rangi ya kijani zinazong'aa jua likipiga.

Jioni niliporudi kutoka Gede nilimkuta mama anahesabu mitungi mitupu nje. Nilimweleza baba habari za kile kisima cha msikitini, jinsi waungwana walivyoshuka chini wakiyafuata maji mpaka yakawashinda. Nilimwambia pia kwamba yale maneno yangu ya ukuta nimeyajutia. Hakunigombeza. Alitazama ukuta, akatazama mitungi, akaniuliza, "Fundi wa visima siku hizi anataka pesa ngapi kwa futi moja?"

Sikujua. Lakini kesho yake nilikwenda kuuliza, nikiwa na futi ileile niliyopimia ukuta wa Gede.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami, kwa ruhusa yao, naongeza: na kabla hujaujenga, kwanza tazama kisima chako. Mpenzi msomaji, ukipata nafasi nenda Gede ukajionee. Chukua maji ya kunywa, na ndizi zako zifiche vizuri, kima wale hawana uungwana wowote. Kwa leo kalamu yangu yaishia hapa. Kwaheri ya kuonana mwakani, Mungu akipenda.